Kila chakula cha jioni kiwe na mgonjwa wake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nilisomea diploma Mombasa, na sasa niko Minnesota kwa dada yangu. Mchana nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, usiku nasoma. Mtihani wa leseni, NCLEX-RN, nitaufanya baada ya wiki 10. Shida zangu ni mbili. Ya kwanza, napenda kupika, na hasa kubuni. Mawazo yakinizidi naingia jikoni, natoka baada ya saa mbili na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukila. Dada anasema niweke mwiko chini mpaka nifaulu. Ya pili, maswali ya lishe yananiangusha kila nikifanya mazoezi. Magonjwa nayajua, vyakula vyenyewe ndivyo sivijui. Je, niache kupika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiache. Ila dada yako naye hajakosea, na hoja yake nitaifikia, maana naona umeipita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Nianze na shida ya pili, kwa sababu dawa yake imo ndani ya ile ya kwanza.

Baraza linaloutunga mtihani huu makao yake yako Chicago, na linapokuwazia linakuona umesimama kwenye wodi ya Kimarekani mbele ya trei ya Kimarekani. Hutaletewa ndizi mzuzu wala mchicha wa nazi. Utapewa trei nne: moja ina supu ya kopo na biskuti za chumvi, nyingine jibini laini la mabonge na vipande vya tikiti la rangi ya chungwa, ya tatu kuku wa kuoka na wali mweupe, ya nne kiazi cha kuoka na juisi ya nyanya. Halafu unaulizwa: mgonjwa wa figo anayesafishwa damu achague ipi? Kwamba figo zikishindwa potasiamu hupanda, unajua vizuri kuliko watoto wa hapa. Unachokosa ni kwamba lile tikiti, wanaloliita cantaloupe, lina potasiamu nyingi, na kwamba kiazi cha wastani kilichookwa na ganda lake kina potasiamu zaidi ya mara mbili ya ndizi uliyofundishwa kuiogopa. Mwenzako aliyezaliwa hapa ameila trei hiyo tangu darasa la kwanza. Hajakuzidi akili, amekuzidi supamaketi.

Basi nenda supamaketi. Jumamosi moja, bila orodha ya vitu vya kununua, na kalamu mkononi. Sheria ya lebo za vyakula ilibadilishwa mwaka 2016, na kuanzia 2020 kampuni kubwa zikalazimika kuandika potasiamu na vitamini D kwenye lebo, pamoja na kalisi, chuma na sodiamu. Huo ni mwongozo wa mtihani uliopangwa kwenye rafu, wala hukulipia. Chukua kopo la supu ya kuku. Tazama sodiamu, kisha rudi juu utazame kopo lina vipimo vingapi, maana hapo ndipo wengi wanapotelezea. Lebo ikisema miligramu 800 kwa kipimo, na kopo lina vipimo viwili, anayelimaliza peke yake amekula 1,600. Mgonjwa wa moyo aliyeambiwa asivuke 2,000 kwa siku amebakiwa na 400 tu, na bado hajala chakula cha mchana. Fanya hivyo kwa mkate, jibini, nyama za kukatakatwa za sandwichi, achari ya matango, juisi ya nyanya. Kisha nunua vitu viwili au vitatu usivyovijua uende navyo nyumbani. Kitu ulichokikata kwa kisu chako na kukionja hukisahau. Kilichobaki kwenye karatasi kinakimbia usiku wa kuamkia mtihani.

Sasa mwiko. Tafuta kopo tupu la majani ya chai. Kata karatasi ndogo ndogo, na katika kila moja andika mgonjwa mmoja, kwa ufupi: anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, mwenye moyo ulioshindwa, anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, mwenye siliaki (asiyevumilia ngano), mjamzito mwenye upungufu wa damu, mwenye gauti, mzee wa kiharusi anayepaliwa, anayetumia lithiamu kwa ugonjwa wa akili, mwenye vidonda vikubwa vya moto. Jioni tatu kwa wiki, usizidishe, chota karatasi moja asubuhi kabla hujaenda kazini. Utamfikiria mgonjwa huyo siku nzima huku ukiwahudumia wazee wako, na jioni utampikia. Masharti ni matatu. Chakula kiwe kitamu, kwa kuwa chakula cha mgonjwa kisicholika kinaishia kwenye pipa na hakijamtibu mtu. Kiwe na asili ya kwenu, hata kama vitu vyake ni vya huku. Na kabla dada hajatia tonge mdomoni, umpe maelezo kama mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani: kwa nini hiki kipo, kwa nini kile hakipo, anatumia dawa gani, na dalili gani ikitokea apige simu. Kisha yeye akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Mtihani unalipenda sana jambo hilo la mgonjwa kurudisha maelezo. Jibu linalosema muuguzi alimpa mgonjwa kijitabu akaondoka mara nyingi ndilo baya.

Nikuonyeshe kwa mmoja, maana huyu nimekaa naye miaka mingi kwenye kitengo cha kusafisha damu.

Tuseme umechota mgonjwa wa figo. Ukifungua kabati la mtu wa pwani, karibu kila kitu kimo kwenye orodha ya kumpunguzia: nazi, maharage, nyanya, viazi, ndizi, mchicha, dafu. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0. Yake ikifika 6.8, moyo unaanza kuandika mawimbi ya T marefu yenye ncha kwenye mashine, na kazi yako ya kwanza ni kumweka kwenye mashine ya kuangalia moyo kabla hujaenda kutafuta kitu kingine. Fosforasi nayo inampanda, ndiyo maana maziwa, karanga na soda nyeusi vinapunguzwa, na ndiyo maana vidonge vya kuzuia fosforasi anavimeza pamoja na chakula, si saa mbili baadaye. Maji yana kipimo, mara nyingi lita moja hivi kwa siku kuongeza kiasi cha mkojo anaoutoa. Na hapa kuna mtego wa jikoni: mchuzi ni maji. Uji ni maji. Barafu ni maji. Kitu chochote kinachoyeyuka kikiachwa mezani, kihesabu.

Umebakiwa na nini? Usikate tamaa, hapo ndipo kubuni kunapoanza. Chukua kuku, kwa sababu huyu, tofauti na mwenye figo mbovu ambaye bado hajaanza kusafishwa, anahitaji protini zaidi, kwani mashine inamnyang'anya. Swali hilo limewaangusha watu wengi: wamekariri «figo, punguza protini» wakasahau kuuliza figo iko hatua gani. Mpake kuku ndimu, kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi, pilipili manga na binzari nyembamba, mwache saa moja, kisha mwoke. Unataka kuku wa kupaka? Usimwage tui la kopo zima. Chota vijiko viwili vya tui zito umpake juu dakika tano za mwisho, chini ya moto wa juu wa oveni, lishike rangi na kutoa harufu. Ulimi utaamini umekula nazi. Wali mweupe pembeni. Kabichi iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa haraka na kitunguu na pilipili hoho nyekundu. Kwa kumalizia, tufaha lililopikwa na iliki na mdalasini badala ya embe. Chumvi? Kidogo kabisa, na usije ukanunua ile chumvi mbadala iliyoandikwa kwamba haina sodiamu. Nyingi zake ni kloridi ya potasiamu. Ukimpa mgonjwa wa figo, au anayetumia spironolactone au lisinopril, dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, umemtoa kwenye moto ukamtia kwenye jivu la moto.

Kama mgonjwa analia viazi, na watalia, mwanangu, nimewasikia: menya, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji yote, kisha ndipo uvipike unavyotaka. Potasiamu nyingi imekwenda na maji. Haikwenda yote, kwa hiyo sahani iwe ndogo. Nilikuwa na mzee mmoja, mtu wa kwetu Afrika Mashariki, aliyekuwa anakuja kila Jumatatu potasiamu iko juu. Tulimpa kila kijitabu. Siku moja nikamuuliza kwa Kiswahili Jumapili anakula nini. Ndizi za nazi, akasema, na mchuzi wa nyanya, kila Jumapili baada ya ibada, nyumba nzima. Hakuna kijitabu kilichokuwa kimetaja ndizi za kupika. Tuliongea kama nusu saa kuhusu sufuria yake na maji ya kuchemshia, na jinsi ya kupunguza sahani bila kuwaudhi wenyeji. Sijawahi kufanya uuguzi mzuri kuliko huo.

Wengine ni wepesi. Wa warfarini atakufundisha kutofuata woga. Watahiniwa wengi huchagua jibu la «aache kabisa mboga za majani». Sukuma wiki ina vitamini K nyingi, ni kweli, na vitamini K ndiyo inayoivunja nguvu dawa hiyo. Lakini tunachomwambia mgonjwa ni ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, asije akala sufuria nzima Jumapili na kukaa siku kumi bila jani. Mpikie sukuma kikombe kimoja, umweleze hivyo, na umkumbushe asichanganye na aspirini bila kuuliza. Mjamzito mwenye upungufu wa damu mpe dagaa na ndimu juu yake, na umwondolee kikombe cha chai mezani, kwa kuwa chai inazuia chuma kufyonzwa. (Kwa watu wetu hiki ndicho kibarua kigumu kuliko vyote. Kutoa chai mezani ni kama kumfukuza mgeni.) Wa moyo mpikie mchuzi wa samaki usio na kile kipande cha kukolezea cha dukani: weka ukwaju, tangawizi, kotimiri, pilipili mbichi moja nzima isiyopasuliwa, na ndimu mwishoni. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina sodiamu kama miligramu 2,300, kwa hiyo utaona mwenyewe kwa nini mkono unaopima kwa hisia hapa lazima ushike kijiko. Na umwambie ajipime uzito kila asubuhi. Akiongezeka paundi 2 au 3 kwa siku moja, au 5 kwa wiki, hayo ni maji, asisubiri miguu ivimbe.

Wa siliaki ni zawadi kwa mtu wa pwani. Ngano, shayiri na rai ameharamishiwa, kwa hiyo chapati, maandazi na mkate vimekwenda, na sosi ya soya nayo mara nyingi ina ngano. Wenzako wa hapa wanahangaika na mikate ya bei mbaya inayomomonyoka kama udongo. Wewe loweka mchele usiku, usage na tui la nazi, iliki, sukari kidogo na hamira, uache uumuke. Vitumbua! Hakuna chembe ya ngano ndani yake. Kikaango cha vishimo utakipata hukohuko Minnesota kwa sababu ya wahamiaji wa Skandinavia: Wadenmark wana vitafunio vyao vya mviringo vinavyoitwa æbleskiver, na kikaango chao ni ndugu wa kile chetu. Nilipokiona mara ya kwanza kwenye duka la vitu vya mitumba nilikishika nikacheka peke yangu, mwenye duka akanitazama.

Hayo ni ya lishe. Lakini nasema usiache kupika kwa sababu kubwa kuliko lishe.

Tarehe 1 Aprili 2023 mtihani huu ulibadilika. Sasa kila mtahiniwa anapata visa vitatu vya wagonjwa vinavyohesabiwa, kila kisa na maswali sita, na maswali hayo yanakufuata hatua kwa hatua: umeona dalili gani, zina maana gani zikiwekwa pamoja, lipi ni la hatari zaidi, ufanye nini, unaanza na lipi, na utajuaje kwamba limefaulu. Maswali mengi yana alama za sehemu, huhitaji kupata yote ndipo upate kitu. Waliosoma kwa kukariri wanalalamika kwamba mtihani umekuwa mgumu. Kwangu naona umekuwa wa haki, kwa kuwa unampima mtu anayetazama.

Na nani anatazama kama mpishi asiyefuata karatasi? Umefunika wali. Hujaona kitu, sufuria imefungwa. Lakini mlio umebadilika: ule mchemko mzito umekuwa mtatariko mkavu. Mvuke unaotoka pembeni ya mfuniko umepungua, na harufu imeanza kuwa ya njugu zilizochomwa. Dalili tatu. Ukizisoma moja moja hazina maana kubwa, kwani hata wali mzuri hutatarika mwishoni. Ukiziweka pamoja unajua ukoko umeanza kuungua. Hufunui na kukoroga, hilo ni kosa la mgeni, utasambaza harufu ya moshi kwenye sufuria nzima. Unapunguza moto au unaitoa kabisa, unaweka kitambaa kibichi chini ya sufuria, unangoja, kisha unafunua pembeni na kuonja wa juu. Umefanya hatua sita zote bila kuziita jina. Kazi yako kwa wiki hizi ni kuziita jina. Sema kwa sauti jikoni: nimesikia, nimenusa, nadhani, hatari ni hii, nafanya hivi, naangalia. Dada atadhani umechanganyikiwa. Mwache.

Halafu kuna lile swali la wagonjwa wanne: utamwona nani kwanza? Hapo wapishi wana faida wasiyoijua. Maziwa yanapanda. Kitunguu kinaanza kuwa cheusi. Simu inaita. Na mtoto wa dada amenyoosha mkono kuelekea mpini wa kikaango cha mafuta. Hujauliza kipi kilianza, wala kipi kina kelele zaidi; umeshamvuta mtoto. Maziwa yatamwagika, utapangusa. Kwenye karatasi swali ni lilelile: mmoja ana maumivu baada ya upasuaji, mwingine ana homa kidogo, wa tatu analalamika chakula kimechelewa, wa nne ameanza kuchanganyikiwa ghafla na saa moja iliyopita alikuwa anaongea vizuri. Mwenye maumivu alitarajiwa kuwa nayo. Aliyebadilika ghafla ndiye mkono kwenye mpini.

Na kwa kuwa tuko jikoni, nikuondolee hofu ya kompyuta. Wengi wanaingia wakihesabu maswali, wakiogopa yakiisha mapema au yakizidi. Maswali ni kati ya 85 na 150, ndani ya saa 5, na huwezi kurudi nyuma kubadilisha jibu. Mashine inafanya kama mama mkwe anayeonja mchuzi wako. Kama chumvi imekaa sawasawa, au imekosewa waziwazi, vijiko 85 vinamtosha. Ukiwa pale mpakani anaendelea kuonja, na anaacha pale anapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya mstari. Ikizima kwenye 85 inaweza kuwa umefaulu au umefeli. Ikifika 140 bado anaonja, nawe endelea kupika. Usitupe mwiko kwa sababu amechota tena. Na maswali yakizidi kuwa magumu, hiyo ni habari njema: unapewa kigumu kwa sababu umekijibu kilichotangulia.

Sasa dada.

Mwaka 2009 nilifanya mtihani huu mara ya kwanza. Enzi zile maswali yalikuwa kati ya 75 na 265, saa 6. Nilikuwa nakaa na watu saba nyumba moja, na kila aliyekuwa na shughuli alinijia: fulani ana kisomo cha mtoto, fulani kahitimu, nipikie biriani. Sikukataa hata mmoja. Nilijiambia kwamba kupika kunanipumzisha, na ilikuwa kweli kwa saa ya kwanza. Saa ya pili na ya tatu nilikuwa najificha. Kitabu kilikuwa mezani kimefunguliwa kwenye ukurasa wa madini ya damu kwa siku nne, kikapata doa la samli. Wiki tatu kabla ya mtihani nilipika biriani ya watu 40. Nikafeli, nikalipa dola 200 nyingine, nikarudi tena baada ya miezi mitatu. (Sheria ya sasa ni kusubiri siku 45 kwa uchache.) Mara ya pili nilipika vilevile, lakini kwa saa.

Kwa hiyo mtazame dada kama kipimajoto. Anachokiona kutoka nje ni hicho cha «saa mbili» ulichokiandika mwenyewe. Chakula cha mgonjwa kipewe dakika 60, kuosha vyombo kukiwemo, na kengele ya simu iwe mbali na mkono wako ili ulazimike kuifuata. Mbinu ile maarufu ya kusoma dakika 25 na kupumzika 5 imepewa jina la nyanya kwa Kitaliano, kwa sababu Francesco Cirillo, aliyeibuni, alikuwa na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Jikoni na saa vimezoeana siku nyingi. Jioni nyingine zote kula kilichopo. Jumapili chemsha sufuria moja kubwa ya maharage, ya kwako wewe na si ya mgonjwa wa figo, ugawe kwenye vibakuli uweke kwenye friza: yatakuwa ya nazi Jumanne, pure na mahindi Alhamisi, na yaliyobaki utayaponda upake kwenye mkate ukienda zamu. Yaloweke usiku, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu. Ile sufuria ya umeme ya kupika polepole usiitumie kwa maharage mekundu mabichi. Sumu yake ya asili haivunjwi na moto mdogo, na utalala chooni badala ya kusoma.

Ukijikuta unakunja sambusa saa nne usiku na siku hiyo hujafanya swali hata moja, zima jiko. Ukijikuta unatafuta kiungo cha tatu kwenye duka la pili, zima jiko. Hesabu yangu kwa wanafunzi wangu ni maswali 60 siku ya zamu na 85 kwa kikao kimoja siku ya mapumziko, pamoja na kusoma maelezo ya kila jibu, hata lile ulilopata, maana huenda ulibahatisha. Hesabu hiyo ikitimia, jikoni ni kwako. Isipotimia, dada ana haki ya kukunyang'anya mwiko, na umwambie hivyo leo mbele ya watu.

Jambo jingine kuhusu hizo dakika 60. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka bila kitabu, baada ya wiki moja walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Walioisoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi, na ndio waliosahau zaidi. Mikono ikiwa na kitunguu huwezi kushika simu, na hilo ni jema. Kata kitunguu huku ukitaja kutoka kichwani: sodiamu 135 hadi 145, lithiamu 0.6 hadi 1.2, na akipunguza chumvi ghafla au akiharisha dawa inajaa mwilini. Heparini ya kuzuia damu kuganda ikizidi, dawa ya kuipinga ni protamini; warfarini ikizidi, ni vitamini K. Ukikwama, usikimbilie daftari. Maliza kitunguu ukiwa umekwama, ndipo ukaangalie. Kule kukwama ndiko kunakokishika kitu.

Siku yenyewe. Kwanza majina, kwa sababu hili limewarudisha watu wetu mlangoni: jina kwenye kitambulisho lifanane kabisa na lile ulilojiandikisha nalo na lililo kwenye barua ya idhini. Sisi wenye majina matatu, la baba na la babu, tunayapanga hivi kwenye pasipoti na vile kwenye leseni ya udereva. Liangalie wiki hii, siyo wiki ya tisa. Ndani kuna mapumziko mawili ya hiari, la kwanza baada ya saa 2 na la pili baada ya saa 3 na nusu, na saa ya mtihani inaendelea kutembea ukiwa nje. Chukua la kwanza hata kama hujachoka. Ndani ya kabati lako la pale mlangoni weka chupa ya maji na kitu kidogo ulichokwisha kukila mara mia: ndizi mbivu moja, au vitumbua viwili vya jana. Usijaribu kiungo kipya, usinywe chai vikombe vitatu.

Na asubuhi hiyo usipike. Nakujua, utaamka saa kumi na moja alfajiri na mkono utakuwasha. Mwachie dada. Mwombe uji wa ulezi na yai la kuchemsha, ukae mezani umngojee, na akikuuliza kama ameweka sukari ya kutosha, mwambie imetosha.